Je, Wajua? Faili la Vinasaba Si la Mtu Mmoja

Ukitaja vinasaba Ifakara, wengi watafikiria mbu, na hawakosei. Mji huu wa bonde la Kilombero umeishi na maabara tangu mwaka 1957, Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha kituo kidogo cha utafiti ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Lakini elimu ileile inayomtambua mbu humtambua pia mwizi, mbakaji, marehemu asiye na jina na mwanamume anayekana mtoto. Kuvisoma vinasaba siku hizi si kazi ngumu. Kazi ni kuamua, vikishaandikwa na kuwekwa kwenye kanzidata, nani aruhusiwe kuvitazama na nani ampe nani. Haya ni machache kati ya mengi ya kushangaza kuhusu jambo hilo, kutoka bonde la Kilombero hadi Ulaya na Ghuba.

1. Mbu aliwahi kumtaja mshukiwa

Katika bonde la Kilombero, mbu aina ya Anopheles gambiae na ndugu yake Anopheles arabiensis wamefanana kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye hadubini hawezi kuwatenganisha. Maabara huhitaji kipande tu cha mwili, mguu mmoja unatosha, ili kusoma vinasaba na kujua huyu ni yupi.

Huko Finland, mwaka 2008, polisi wa Seinäjoki walimkuta mbu aliyeshiba ndani ya gari lililoibwa. Damu ya tumboni mwake ilipopimwa, ililingana na mtu ambaye vinasaba vyake vilikuwa tayari kwenye rejista ya polisi. Alipohojiwa alisema hakuiba gari, alipewa lifti tu.

Zingatia mambo mawili. Bila rejista, mbu yule angebaki mbu. Na hata kukiwa na rejista, ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: kwamba alimuuma mtu fulani. Nani aliwasha gari, mbu hakujua.

2. Neno "vinasaba" lilitangulia sheria

Nasaba ni ukoo, mfuatano wa damu kutoka kwa babu hadi mjukuu. Waliounda neno "kinasaba" walichukua nasaba wakaitia kiambishi cha udogo, kikawa kipande kidogo cha ukoo. Maana yake ni nzito kuliko inavyosikika. Ukitoa alama ya kidole umetoa yako peke yako, kwa kuwa kaka yako ana vidole vyake. Ukitoa vinasaba umetoa nusu ya vya mama, nusu ya vya baba, na sehemu ya vya ndugu ambao hawakuulizwa. Karibu kila mzozo wa kisheria utakaousoma hapa chini umezaliwa na jambo hilo.

3. Polisi huhifadhi namba

Watu hudhani kanzidata ya polisi imejaa siri za mwili: ugonjwa, rangi ya macho, urefu. Kwa kawaida haiko hivyo. Kinachowekwa ni wasifu, yaani orodha ya namba. Katika sehemu fulani za vinasaba kuna maneno mafupi ya kikemia yanayojirudia, na kila mtu ana idadi yake ya marudio, moja ya baba na moja ya mama. Mfano, sehemu moja 15 na 17, nyingine 9 na 12. Marekani ilikuwa ikisoma sehemu 13, na kuanzia Januari 1, 2017 ikapanda hadi 20.

Kwa nini ipande? Mwaka 1999 Mwingereza mmoja mgonjwa, ambaye kutembea kwake kulikuwa kwa taabu, alishtakiwa kwa kuvunja nyumba mamia ya kilomita kutoka kwake. Sehemu sita zilizosomwa zililingana naye. Wakili wake aliposisitiza zisomwe nyingine zaidi, zikamkataa. Kanzidata ikikua, na nchi zikianza kuazimana kumbukumbu, uwezekano wa wawili kufanana kwa bahati hukua nayo.

Wapo ambao hata sehemu 20 haziwatengi. Hao ni mapacha wa kufanana.

4. Tanzania, ufunguo anao mkemia

Wengi wangedhani mambo haya yapo kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Hapana. Sheria Namba 8 ya mwaka 2009, inayosimamia vinasaba vya binadamu, ilimpa usimamizi Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye mamlaka yake iko chini ya wizara inayohusika na afya. Polisi huleta sampuli na kuomba jibu.

Sheria hiyo inagusa safari nzima: kukusanya sampuli, kuifunga, kuisafirisha, kuitunza, kuichunguza na kuiteketeza. Inagusa pia utoaji wa taarifa za vinasaba na utafiti, na inakataza kuhifadhi taarifa hizo kwa malengo mengine. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mzizi. Sampuli iliyochukuliwa kwa ajili ya kesi ya wizi haigeuki mali ya yeyote mwenye shauku.

Ndiyo maana pia mtu hawezi kuamka asubuhi, akamfunga mtoto mgongoni na kwenda Dar es Salaam kudai kipimo cha baba. Ombi hupitia kwa wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, wakili, ofisa ustawi wa jamii au polisi.

Na hii ni ajabu ndogo ya historia: maabara ya Mkemia Mkuu inahesabu umri wake tangu mwaka 1895, enzi za Wajerumani, ilipoanza kama maabara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Ilizaliwa kwa ajili ya homa, kama ile ya Ifakara.

5. Mfuko wa nailoni unaweza kuharibu kesi

Tuseme shati lenye damu limeokotwa Mlimba. Kutoka bonde la Kilombero hadi maabara ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, na joto la Kilombero halihitaji kuelezwa. Shati bichi likifungwa kwenye nailoni, unyevu hubaki ndani, ukungu na bakteria hula vinasaba, na maabara hupokea uozo. Njia sahihi ni kulikausha kivulini, kisha kulitia kwenye bahasha ya karatasi. Damu ya kupima huweza kudondoshwa kwenye kadi maalumu na kuachwa ikauke. Ikikauka vizuri hudumu muda mrefu bila friji.

Kisha kuna karatasi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza kile ambacho mawakili hukitaja hadi leo: lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano, zinazoonyesha kielelezo kilikamatwa na nani, kikatunzwa na nani, kikakabidhiwa kwa nani, hadi kikafika mahakamani. Pakikosekana kiungo kimoja, wakili wa utetezi atauliza shati lililala wapi usiku ule. Kwa hiyo kabla ya nchi kupeana kumbukumbu za vinasaba, koplo na dereva wa basi la Ifakara wanapaswa kwanza kupeana kwa saini.

6. Kesi ya ubakaji haisubiri vinasaba

Kuna uvumi mitaani kwamba bila kipimo cha vinasaba hakuna hatia ya ubakaji. Si kweli. Tangu uamuzi wake wa mwaka 2006, Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kuwa ushahidi bora wa ubakaji ni wa aliyetendewa. Kipimo husaidia kikiwepo. Kisipokuwepo, binti wa kijijini mbali na maabara hapotezi haki yake kwa sababu ya umbali.

7. Marehemu pia hutafutwa kupitia ndugu

Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, mkoa uleule wenye Ifakara. Watu walikwenda kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliofariki walipita 100. Miili mingine haikutambulika hata kwa mama mzazi. Kabla ya mazishi katika makaburi ya Kola, wataalamu walichukua sampuli za vinasaba, ili familia ikijitokeza baadaye iweze kulinganishwa.

Kenya ilipitia jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi katika msitu wa Shakahola, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia mwaka 2023. Familia zilitoa sampuli, zikasubiri, na Machi 2024 miili ya kwanza ikaanza kukabidhiwa.

Hapa pana mtego. Baba anayetoa mpanguso wa kinywa ili ampate mwanawe amzike, je, sampuli hiyo yaweza kutumiwa kutafuta kama mwanawe mwingine aliwahi kuiba? Interpol ililijibu swali hilo ilipozindua mfumo wake wa I-Familia mwaka 2021, unaotafuta watu waliopotea kwa kulinganisha ndugu. Data za familia huwekwa peke yake, mbali kabisa na data za uhalifu. Machozi yana faili lake.

8. Nchi huulizana "yupo?" kabla ya kutajiana jina

Mei 27, 2005, nchi saba za Ulaya zilitia saini mkataba katika mji mdogo wa Prüm, Ujerumani. Mwaka 2008 utaratibu wake ukawa wa Umoja wa Ulaya mzima, na mwaka 2024 ukaandikwa upya. Ustadi wake uko kwenye hatua mbili.

Chukua mfano wa mfugaji wa Mngeta aliyeibiwa ng'ombe. Anapiga simu Kidatu: "Kwenu kuna ng'ombe mwenye alama hii?" Anajibiwa "yupo" au "hayupo", basi. Jina la mwenye zizi hatajiwi mpaka aende na barua ya mtendaji. Ndivyo kompyuta za polisi wa Ulaya zinavyoulizana: namba hupelekwa bila jina, jibu huwa ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, ndipo sheria ya nchi iliyoulizwa huanza kuhojiwa: kosa ni lipi, nani anaomba, ataitumia wapi.

Mlango wa vinasaba wa Interpol, ulioanza mwaka 2002, hufuata mantiki hiyohiyo. Wasifu huingia bila jina, na nchi iliyoupeleka hubaki mwenye mali.

Kwa Tanzania, kuna kizingiti cha pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za vinasaba katika kundi la taarifa nyeti na kuweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 3, 2024.

9. Jambazi hatari wa Ulaya hakuwahi kuwepo

Kwa miaka kadhaa, polisi wa Ujerumani, Austria na Ufaransa walimsaka mwanamke mmoja. Vinasaba vyake vilionekana katika matukio takriban 40: mauaji, wizi wa magari, uvunjaji wa nyumba, hata kuuawa kwa polisi mjini Heilbronn mwaka 2007. Wenzake katika uhalifu walipokamatwa, kila mmoja alisema hamjui.

Machi 2009 ukweli ukatoka. Vijiti vya pamba vilivyotumika kuchukulia sampuli vilikuwa vimechafuliwa kiwandani, na "jambazi" alikuwa mfanyakazi wa pale aliyekuwa akifanya kazi yake ya halali. Vijiti hivyo vilikuwa vimetakaswa dhidi ya vijidudu. Kutakasa dhidi ya vijidudu hakuondoi vinasaba.

Kushirikiana kwa nchi tatu kulikuza kosa moja likawa jini. Ndiyo sababu sheria nzuri ya kupeana kumbukumbu huuliza pia juu ya ubora wa maabara iliyozitoa.

10. Kuna serikali zilizotaka vinasaba vya kila mtu

Kuwait, baada ya shambulio la msikitini la Juni 2015, ilitunga sheria ya kuwapima raia wote, wakazi na hata wageni wanaoingia. Aliyekataa angeweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Kwa maelfu ya Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Ghuba, hilo halikuwa jambo la mbali. Oktoba 2017 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaifuta.

Karibu zaidi, Kenya ilirekebisha sheria yake ya usajili wa watu mwaka 2018, na vinasaba vikatajwa kati ya taarifa ambazo serikali ingeweza kuchukua kwa ajili ya mfumo wa utambulisho wa Huduma Namba. Aprili 1, 2019 Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu hiyo kwa muda, na Januari 30, 2020 majaji watatu wakaamua kuwa kukusanya vinasaba namna hiyo kunakwenda kinyume na Katiba.

11. Asiye na hatia ana haki ya kufutwa

Uingereza ilianzisha kanzidata yake ya taifa mwaka 1995. Kwa muda, aliyekamatwa aliingia na hakutoka, hata akiachiwa huru. Mmoja wa waliolalamika alikamatwa akiwa na miaka 11 na hakupatikana na hatia. Desemba 4, 2008, majaji 17 wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, bila hata mmoja kupinga, walisema kuwahifadhi wasio na hatia bila kikomo kunavunja haki ya faragha.

Sheria mpya ya mwaka 2012 ikatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Sampuli yenyewe, yaani mate au damu, huharibiwa ndani ya miezi sita. Namba ndizo zinazoweza kubaki, kwa muda unaotegemea hatia na uzito wa kosa. Namba hazielezi ugonjwa wa mtu. Mate yanaweza.

12. Maabara haimjui baba mdogo

Mwaka 2008 Marekani ilijaribu kuwapima vinasaba wakimbizi waliokuwa Nairobi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliotaka kuungana na jamaa zao. Ilipopanua zoezi hadi watu 3,000 hivi, familia zilizothibitishwa undugu wote waliodai hazikufika asilimia 20. Wengine hawakufika kupimwa kabisa. Mpango ukasimamishwa, ukarudi mwaka 2012 ukiwa na sharti la vinasaba.

Udanganyifu ulikuwepo, hakuna anayebisha. Lakini ukizungumza na Mndamba au Mpogoro utakuta mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, ndugu wa baba ni baba mdogo au baba mkubwa, na yatima aliyelelewa nyumbani haitwi mgeni. Fomu yenye visanduku vya "mtoto" na "si mtoto" haina nafasi ya mtu wa namna hiyo, na mashine inayojibu kwa damu tupu humwita mwongo.

Septemba 2009 Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Ilianza kupima vinasaba na nywele za waomba hifadhi waliosema ni Wasomali, ili kubaini kama ni wa nchi jirani kama Kenya. Wanasayansi walipinga, akiwemo Alec Jeffreys, aliyegundua alama za vinasaba mwaka 1984. Walisema mipaka ya nchi haikuchorwa kwenye damu. Jaribio likaachwa.

13. Tembo wa Selous walipatikana kupitia jamaa zao

Ng'ambo ya bonde la Kilombero liko eneo la Selous. Serikali ilihesabu tembo zaidi ya 109,000 nchini mwaka 2009, na takriban 43,000 tu mwaka 2014. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa ametengeneza ramani ya vinasaba vya tembo, vingi vikitoka kwenye kinyesi. Mwaka 2015 alionyesha kuwa sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana zilizokamatwa zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Mwaka 2022 timu yake ikaja na jipya. Katika pembe zaidi ya 4,000 kutoka shehena 49 zilizokamatwa kati ya 2002 na 2019, ilitafuta jamaa: mzazi bandari hii, mtoto bandari ile. Shehena zilizoonekana hazihusiani zikaonekana zimetoka kwa mitandao ileile. Kazi hiyo isingewezekana kama nchi zisingekubali kutoa sampuli zao. Tembo hawakuombwa ridhaa, na kwa faida yao hakuna aliyelalamika.

14. Mbinu ya tembo hutumika kwa binadamu

Aprili 2018 polisi wa California walimkamata Joseph DeAngelo, muuaji aliyekwepa mkono wa sheria kwa miongo kadhaa. Yeye hakuwa kwenye kanzidata yoyote. Jamaa zake wa mbali walikuwa wameweka vinasaba vyao kwenye GEDmatch, jukwaa la watu wanaotafuta koo zao, na polisi wakapanda mti wa ukoo hadi wakamfikia. Mwaka uliofuata jukwaa hilo lilibadili kanuni: polisi wangetazama tu kumbukumbu za wale waliokubali.

Lakini binamu akikubali na wewe ukakataa, nani ameshinda?

Swali hilo lina mizizi mirefu Kilombero kuliko tunavyodhani. Tangu mwaka 1996, kaya za Kilombero na Ulanga zimekuwa zikihesabiwa na kufuatiliwa katika mfumo wa sensa ya afya wa Ifakara, na vizazi kadhaa vya watu wa bonde vimenyoosha kidole kichomwe kwa ajili ya utafiti wa malaria. Sampuli ya utafiti ikitakiwa kwenda ng'ambo, lazima kuwe na kibali na mkataba wa kuihamisha unaosema itafanyiwa nini. Bibi wa Lupiro anayeweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa ameridhia malaria. Hakuridhia polisi, wala hakuulizwa kwa niaba ya wajukuu wake. Ndiyo maana neno "malengo mengine" katika sheria ya mwaka 2009 linastahili kusomwa polepole: linawalinda pia ambao siku ile hawakuwepo mezani, na wengine hata walikuwa hawajazaliwa.